Kumuuguza Mume au Mke Bila Kupoteza Kazi Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikiwa mfanyakazi wa Nairobi ambaye mume au mke wake ameugua ugonjwa wa kulaza mtu, na ambaye anaogopa kwamba akikaa naye hospitalini atarudi kazini akute hana kazi. Majibu yanafuata Sheria ya Ajira ya 2007. Kama una dakika chache tu kabla ya kurudi wodini, soma jibu la kwanza na lile la jinsi ya kuandika ombi. Mengine yanaweza kungoja jioni.

Je, sheria ya Kenya inanipa likizo ya kumuuguza mwenzi wangu?

Kwa jina hilo, hapana. Sheria ya Ajira inataja likizo ya mwaka (kifungu cha 28), likizo ya uzazi ya mama na ya baba (29), likizo ya anayepokea mtoto wa kuasili (29A) na likizo ya ugonjwa (30). Hiyo ya ugonjwa ni yako wewe unapougua, si ya mgonjwa wako. Hakuna kifungu kinachosema mke akipata kiharusi mume apewe siku kadhaa za kumhudumia. Kwangu hili ni pengo kubwa katika nchi ambayo Katiba yake, ibara ya 45, inaitambua familia kuwa msingi wa jamii na kuiahidi ulinzi wa serikali.

Hata hivyo ulinzi upo, ila umetawanyika na inabidi uukusanye mwenyewe. Kifungu cha 46 kinasema si sababu ya haki kumfuta mtu kwa kuwa amekwenda likizo, au ameomba kwenda likizo, ambayo anaistahili kisheria au kwa mkataba. Shika maneno hayo ya mwisho, *au kwa mkataba*. Siku ambazo mwajiri amekukubalia kwa maandishi unaweza kuzisimamia kama sehemu ya makubaliano yenu ya kazi. Siku ulizoruhusiwa kwa mdomo pale kwenye ngazi, bosi akiwa anakimbilia mkutano, utazithibitisha vipi akizikana? Ndiyo maana karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye karatasi.

Ndugu yangu yuko Marekani na anasema alipewa wiki 12 za kumuuguza mkewe. Mbona sisi hatuna?

Anachosema ni kweli. Marekani ina sheria ya likizo ya familia na matibabu ya mwaka 1993, inayompa mfanyakazi hadi wiki 12 kwa mwaka za kumuuguza mume, mke, mtoto au mzazi mwenye ugonjwa mkubwa, na mwajiri lazima amrudishe kwenye kazi yake au iliyo sawa nayo. Lakini wiki hizo hazina malipo. Isitoshe, ni lazima awe amefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12 na saa zisizopungua 1,250 katika mwaka uliotangulia, na kampuni binafsi iwe na wafanyakazi 50 au zaidi katika eneo hilo. Uingereza nayo, tangu Aprili 2024, inatoa wiki moja kwa mwaka bila malipo kwa anayemtunza mtu anayemtegemea.

Sheria hizo hazivuki mpaka. Hata kama kampuni yako ya Westlands ni tawi la kampuni ya Marekani, mkataba wako wa Nairobi unaongozwa na sheria ya Kenya. Pamoja na hayo, soma kanuni za kampuni kwa makini, maana baadhi ya kampuni za kimataifa huwapa wafanyakazi wao wote likizo ya kuuguza popote walipo.

Basi nina siku ngapi hasa?

Anza na likizo ya mwaka. Sheria inakupa zisizopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, kila baada ya miezi 12 ya kazi mfululizo. Mtu anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa ana zaidi ya wiki nne hapo. Kama hujamaliza mwaka, hesabu yake ni siku 1.75 kwa kila mwezi uliokamilika, nawe unaweza kumwomba mwajiri akuruhusu uchukue zile ulizokwisha kuchuma. Angalia pia kama una siku zilizobaki za mwaka uliopita. Sheria inaruhusu sehemu ya likizo ichukuliwe ndani ya miezi 18 tangu mwisho wa kipindi ulichoichumia, kwa hiyo usikubali haraka kuambiwa kwamba "zimekufa".

Kisha tafuta likizo ya huruma. Haimo kwenye Sheria ya Ajira, lakini imo kwenye miongozo mingi ya wafanyakazi, kwenye makubaliano ya pamoja ambayo vyama vya wafanyakazi hutia saini na waajiri, na kwenye kanuni za utumishi wa umma. Baadhi ya amri za mishahara za kisekta nazo zinaitaja, ingawa siku zake huja kukatwa kwenye likizo ya mwaka. Soma kifungu chenyewe usitegemee uvumi wa ofisini. Vingine vinahusu msiba tu, vingine vinataja ugonjwa wa jamaa wa karibu. Kama una mwakilishi wa chama kazini, muulize leo.

La tatu ni likizo bila malipo. Hii ni ya makubaliano, mwajiri halazimiki kuitoa. Lakini wengi huitoa wakiombwa vizuri na mapema, kwa sababu kumtafuta na kumfundisha mtu mpya ni gharama pia.

Kabla hujaziomba zote kwa mkupuo, utazame ugonjwa wenyewe unakwendaje, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza siku zao bure. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, kila mara kama saa nne kwenye mashine, anahitaji mtu siku nane au tisa kila mwezi. Ukichukua siku nzima kila mara, zile 21 zitaisha kabla ya miezi mitatu kwisha, na ugonjwa bado uko pale pale. Huyu ni afadhali umwombee mabadiliko ya zamu, au nusu siku, au kuingia kazini alfajiri na kutoka mapema. Mgonjwa wa saratani anayepewa dawa ya kemo kila baada ya wiki tatu hulemewa zaidi siku chache baada ya dozi. Omba siku hizo, ukitumia kalenda ya kliniki. Aliyepata kiharusi au kufanyiwa upasuaji mkubwa anakuhitaji wiki nzima nzima mwanzoni, hasa zile za kwanza baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Wodini wapo wauguzi, nyumbani Kayole utakuwa wewe.

Likizo ya mwaka inaweza kugawanywa mkikubaliana na mwajiri. Mwambie daktari au muuguzi wa kliniki akuandikie tarehe za matibabu ya miezi miwili au mitatu ijayo, kisha uende nazo ofisini. Meneja akiona ratiba anaweza kupanga kazi. Akiambiwa tu kwamba mgonjwa ana hali mbaya, hajui atakukosa lini wala kwa muda gani.

Naweza kutumia ruhusa yangu ya ugonjwa?

Usifanye hivyo. Kifungu cha 30 kinatoa siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, baada ya miezi miwili ya kazi, lakini kwa cheti cha daktari kwamba *wewe* huwezi kufanya kazi. Cheti cha kununua kwenye kliniki ya mtaani ni udanganyifu, na udanganyifu unampa mwajiri sababu halali ambayo hakuwa nayo jana. Ila kama kuuguza kumekuumiza wewe mwenyewe, mgongo umekatika kwa kumwinua mgonjwa au hulali hata unatetemeka, nenda ukapimwe. Hapo ruhusa hiyo ni haki yako kamili.

Niandike nini ninapoomba?

Kama ni dharura, tuma ujumbe kwa msimamizi wako siku ile ile, hata kama ni mistari miwili ya WhatsApp kutoka kwenye foleni ya hospitali ya Kenyatta. Kifungu cha 44 kinahesabu kukosekana kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa kubwa linaloweza kumfukuzisha mtu. Ujumbe ule hauchukui nafasi ya ruhusa, lakini unathibitisha kwamba hukutoroka kazi. Ndani ya siku moja au mbili fuatisha barua au baruapepe. Iandike kwa lugha inayotumika ofisini kwenu. Yaliyomo yawe kama haya:

*Kwa Meneja wa Wafanyakazi,*

*KUH: OMBI LA LIKIZO YA KUMUUGUZA MUME WANGU*

*Mume wangu amelazwa tangu Jumatatu, na madaktari wanasema atahitaji mtu wa kumhudumia nyumbani akiruhusiwa. Naomba siku kumi za likizo yangu ya mwaka kuanzia tarehe … hadi …, na baada ya hapo siku kumi bila malipo. Nimeambatisha barua ya hospitali. Nimezungumza na … naye amekubali kushika kazi zangu za …. Faili zote ziko …. Nitapatikana kwa simu kila siku kati ya saa nane na saa tisa alasiri. Naomba jibu kwa maandishi, pamoja na uthibitisho kwamba nitarejea kwenye nafasi yangu ya sasa kwa masharti yale yale.*

Sentensi ya mwisho usiifute hata ukihisi ni ujasiri kupita kiasi. Kwa wiki za bila malipo, hiyo ndiyo kinga yako. Bosi akijibu kwa mdomo, mwandikie jioni hiyo: "Asante kwa kunikubalia leo likizo ya tarehe … hadi …" Hifadhi nakala mahali ambapo si kompyuta ya kazini.

Lazima niwaambie ni ugonjwa gani?

Hapana. Habari za afya ya mtu ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mgonjwa ni mtu mzima mwenye siri yake. Barua ya hospitali inaweza kusema tu kwamba fulani yuko chini ya matibabu na anahitaji msaidizi kwa kipindi fulani. Muulize mwenzi wako kabla hujataja ugonjwa. Kuhusu HIV, sheria ya mwaka 2006 inakataza wazi kutangaza hali ya mtu bila idhini yake. Hata hivyo, kama mwenzi wako ameridhia na bosi wako ni mtu wa kuaminika, kueleza uzito wa jambo husaidia. Chagueni pamoja.

Hatujafunga ndoa rasmi, tunaishi tu pamoja. Watanikubalia?

Kwa likizo ya mwaka hilo halina maana, kwani huulizwi unaitumia kwa nani. Kwa likizo ya huruma inategemea maneno ya mwongozo wa kampuni. Mwongozo ukisema "mume au mke", idara ya wafanyakazi inaweza kudai cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinapaswa kusajiliwa. Kwa hiyo kama mahari ilitolewa na wazee wakakaa, ndoa yenu ya kimila inaweza kusajiliwa kwa Msajili wa Ndoa. Wasio na lolote kati ya hayo mara nyingi hupeleka hati ya kiapo ya wakili au barua ya chifu, na waajiri wengine hukubali. Usitegemee sana hoja kwamba kuishi pamoja miaka mingi ni ndoa tosha. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu Zaidi ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra sana.

Mimi ni mwanamume. Nikisema namuuguza mke wangu naulizwa kama hana dada.

Swali hilo linaumiza, na wanaouliza huenda hawajui wanachokuuliza. Mwanamume anayemwogesha mkewe, anayempimia dawa na kumpeleka mionzi, anafanya kazi ya ndoa yake. Kisheria, kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya jinsia. Kama mwenzako wa kike alipewa siku za kumuuguza mumewe na wewe ukanyimwa kwa sababu u mwanamume, andika tarehe, majina na nafasi za waliohusika, na maneno yaliyosemwa. Na kama shemeji yako au mama mkwe anaweza kushika zamu ya usiku, mkubalie.

Bosi amekataa kabisa. Nifanye nini?

Uliza amekataa nini. Akikataa tarehe, mpe nyingine au gawa siku. Akikataa likizo bila malipo, sheria haimlazimishi, kwa hiyo punguza ombi: wiki moja, nusu siku, zamu ya usiku, kufanyia kazi nyumbani kama kazi yako inaruhusu. Akikunyima likizo ya mwaka uliyokwisha kuchuma na hasemi utaipata lini, hapo anavunja sheria, nawe unaweza kwenda ofisi ya leba ukiwa bado kazini.

Kitu kimoja tu usifanye, hata moyo ukikuvuta vipi: usiondoke kimya. Najua kuna usiku ambao hakuna mtu wa kumwachia mgonjwa. Usiku huo andika, eleza, piga simu, mtume mwenzako akaseme.

Nimepokea barua inayonitaka nijieleze. Je, nimeshafutwa?

Bado. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji mbaya au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize. Una haki ya kuandamana na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemchagua wewe. Jibu kabla ya siku waliyokupa, ukiambatisha ujumbe uliotuma, barua za hospitali na tarehe. Usijibu kwa hasira na usiombe radhi kwa kosa ambalo hukulifanya. Mahakama zetu zimeshikilia mara kwa mara kwamba hata mwajiri anayedai mtu ametoroka kazi lazima aonyeshe alijitahidi kumtafuta.

Wananiambia nijiuzulu "kwa heri", nitarudi mgonjwa akipona.

Usiandike barua hiyo. Ukijiuzulu, ni vigumu mno kuja kudai kwamba ulifutwa, na ahadi ya kurudishwa haina nguvu. Waambie ungependa likizo bila malipo kwa maandishi.

Nimefutwa. Naenda wapi, na nina muda gani?

Unaweza kulalamika kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu tangu siku ya kufutwa, chini ya kifungu cha 47. Hulipi kitu na huhitaji wakili. Wizara ya Leba iko kwenye jengo la NSSF, Bishops Road. Watakuelekeza kwa ofisi inayohudumia eneo lako. Kesi mahakamani ina ukomo wa miaka mitatu. Wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi wanaweza kusikilizwa na hakimu, kwa mujibu wa tangazo la gazeti la serikali la 2018. Wanaozidi hapo huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kikazi, Milimani. Ikionekana ulifutwa isivyo haki, unaweza kulipwa fidia ya hadi mishahara 12 ya jumla, pamoja na notisi na likizo uliyokuwa nayo, au kurudishwa kazini. Kituo cha Sheria huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, huwasaidia wanawake.

Nikichukua likizo bila malipo, nini kingine kinasimama?

Vitu vingi, na mara nyingi watu huvigundua wakiwa tayari wamekwama. Mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara hautakatwa, na wadhamini wako wanaweza kuanza kupigiwa simu. Nenda sacco kabla, uwaombe wapange upya malipo. Uliza kwa maandishi makato ya SHA (bima ya afya ya taifa) na NSSF (akiba ya uzeeni) yatafanywaje miezi hiyo. SHA hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wa jumla, na mchango ukisimama wakati mwenzi wako yuko kwenye matibabu mtajuta. Uliza pia kama bima ya kampuni itaendelea kumlipia. Kampuni nyingine huisitisha mfanyakazi asipolipwa, na hapo ni heri mmoja wenu abaki kazini na jamaa mwingine alale na mgonjwa.

Hakikisha vilevile kwamba mwenzi wako ameorodheshwa chini yako kwenye SHA. Piga *147# uangalie. Wapo waliohama kutoka NHIF, bima iliyokuwapo kabla ya SHA, mwishoni mwa 2024 wakajisajili peke yao.

Mimi ni kibarua, au nafanya kazi ya nyumba. Haya yananihusu?

Yanakuhusu. Mfanyakazi wa nyumbani analindwa na Sheria ya Ajira kama karani wa benki. Kibarua anayefanya kazi siku zinazofikia mwezi mfululizo, au kazi isiyoweza kumalizika kabla ya miezi mitatu, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa na mkataba wa mwezi, na akivuka miezi miwili anastahili masharti ya mfanyakazi wa kawaida, likizo ikiwemo. Shida yako itakuwa ushahidi. Weka jumbe za M-Pesa za malipo, picha za daftari la mahudhurio, na jumbe za kuitwa kazini. Ukimwomba mama mwenye nyumba siku tatu za kukaa na mumeo hospitali ya Mama Lucy, mtumie ujumbe wa simu hata kama mmeongea jikoni, na umwombe ajibu.

Nikirudi nikakuta nimehamishwa idara?

Toa barua iliyokubali likizo yako, ile yenye sentensi ya "nafasi yangu ya sasa kwa masharti yale yale". Mwajiri hawezi kubadilisha masharti muhimu ya mkataba bila kushauriana nawe na kukuarifu kwa maandishi. Kifungu cha 10 kinasema hivyo. Kama kazi mpya inalingana na ile ya zamani na mshahara haujaguswa, pengine inafaa kuipokea, hasa ikiwa iko karibu na hospitali au haina zamu za usiku. Kama mshahara umeshuka, andika kwamba hukubali, endelea kufanya kazi, na uende ofisi ya leba wiki hiyo hiyo.